Moshi kwenye Gunia la Mwenyekiti

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule moja ya sekondari pale Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, na kila muhula wa tatu nafundisha tamthilia za Wagiriki wa kale. Sikuzichagua mimi, ziko kwenye mtaala. Mwanzoni nilizichukia. Nilijiuliza mtoto aliyeuza maandazi mpakani asubuhi kabla ya kuja darasani ana shida gani na wafalme waliokufa zamani ng'ambo ya bahari. Baadaye nikazizoea, na nilipozizoea nikaanza kuringa nazo, maana katika chumba chetu cha walimu ni mimi peke yangu niliyeweza kueleza tofauti ya kinaya na kejeli bila kufungua kitabu.

Kinaya nakieleza hivi. Mtu anasema jambo au anatenda jambo, na wanaomtazama wanajua asichokijua yeye. Anacheka, wao hawacheki. Anaapa, wao wanainamisha vichwa. Wagiriki walikuwa mabingwa wa hilo kwa sababu hadithi walizoziigiza zilikuwa za zamani, na kila aliyekaa kwenye viti vya mawe vilivyochongwa mlimani alishazisikia kwa bibi yake. Hakuna aliyekwenda ili ajue mwisho. Walikwenda kumtazama mtu akiuendea mwisho kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe, akidhani anakwenda kwingine.

Na mtu huyo si mwovu. Hapo wanafunzi hunibishia kila mwaka, kwa kuwa wanataka anayeanguka awe amestahili. Nawaambia hapana, mwovu akianguka hiyo si tanzia, hiyo ni habari njema. Shujaa wa tanzia ni mtu mwema kuliko wengi wetu, ila ana dosari moja, na mara nyingi dosari hiyo ni kitu kile kile tunachomsifia.

Nimeyasema maneno hayo miaka tisa. Nilikuja kuyaelewa katika msimu mmoja wa kahawa, nyumbani kwetu, na aliyelipa karo ya somo hilo si mimi.

Baba yangu analima kahawa kwenye mteremko juu ya Bwera, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabarani, au dakika ishirini kwa bodaboda ukiwa na moyo mgumu. Wakulima wa upande ule waliunda kikundi ili waache kuwauzia walanguzi kahawa ya hovyo, na baba akawa mwenyekiti tangu siku ya kwanza. Kwenye daftari la wanachama yeye alikuwa namba moja. Gunia lake namba moja, mkebe wake wa sampuli namba moja, na siku ya kupima kahawa ilikuwa desturi mwenyekiti apeleke gunia lake kwanza, mbele ya wote, ili wengine waone kahawa iliyotunzwa inavyokuwa. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe.

Ni mtu wa sheria. Watu wakisikia hivyo wanadhani namsifu, kumbe kuishi na mtu wa sheria kunachosha. Kwa ajili ya matunda matatu mabichi aliwahi kumwaga beseni zima mbele ya mama na kumfanya achambue upya. Mwaka mwingine alikataa kahawa ya mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, kwa sababu ilianikwa chini kwenye udongo. Baba mdogo hakuja kwetu misimu miwili, hata Krismasi. Baba hakutikisika. Alisema sheria ikimwogopa ndugu basi ni sheria ya kuwatisha maskini tu. Watu walimheshimu kwa hilo, wakamwogopa kwa hilo hilo.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya moshi. Kwetu kitu cha kutunzwa kinawekwa juu ya mafiga. Jikoni, juu kabisa ya moto, kuna uchaga wa mianzi, na huko ndiko zinakokaa mbegu za mahindi, maharage, nyama ikibaki, hata vipande vya chumvi ya ziwani Kabatoro visinyonye unyevu. Moshi unakausha na unafukuza wadudu. Mama alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake vilevile. Kahawa, hata hivyo, inanyonya harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Iweke juu ya moto siku mbili, na mnywaji wa huko mbali ataonja jiko lako. Baba aliyasema hayo kila mkutano. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akichungulia chaga za watu, jambo ambalo wanawake hawakulipenda hata kidogo.

Mwaka ninaousema, mvua haikukatika. Kahawa ilishamenywa na kuoshwa, imetandazwa kwenye meza za wavu za kikundi, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, na kila mtu alikuwa na kazi moja: kufunua turubai jua likichomoza dakika chache, kufunika tena. Jumatatu ilikuwa siku ya kupima. Safari hii kahawa ya kikundi ilikuwa inakwenda kwa mnunuzi wa nje moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, na Alhamisi baba aliitwa mjini Kasese kukutana naye. Angerudi Jumapili.

Mimi nilifika nyumbani Ijumaa mchana na mzigo wa karatasi za mtihani. Nilimkuta mama amesimama kwenye meza yetu ya kahawa, anatafuna punje. Kahawa iliyokauka unaisikia ikivunjika kwenye meno. Ile haikuvunjika, ilibonyea tu. Nyumbani tunasema Kikonzo, haya nayaandika kwa Kiswahili changu cha shule.

"Bado," alisema. "Na Jumatatu wanapima."

"Za wengi hazijakauka, mama. Baba atachelewa kidogo kama wengine."

"Wengine si mwenyekiti."

Nilijua anakokwenda kabla hajatazama jikoni. Nikamwambia, "Mama, moshi."

"Siku mbili tu. Nina kuni kavu, hazitoi moshi mwingi. Wewe panda, mimi nakushikia ngazi."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu moyoni niliona baba anatia chumvi na habari zake za moshi. Nilipandisha gunia zima, ndoo kwa ndoo, nikalitandaza kwenye mkeka juu ya uchaga, nikashuka nikisugua macho. Kesho yake wanawake watatu wa jirani walipita jikoni kwa nyakati tofauti, mmoja akiomba moto, wengine wakisalimia, na kila mmoja aliinua macho juu akayashusha. Jumapili mchana niliishusha kahawa.

Baba alirudi jioni hiyo amelowa na mwenye furaha. Kabla ya kuvua viatu alichota kahawa mkononi, akaipeleka puani, akasema, "Safi." Pua iliyokaa miaka sitini karibu na jiko lile haikuwa na la kumwambia. Akatafuna punje moja. Ikavunjika, sote tukasikia.

"Mama," alimwambia mke wake, "umeniokoa. Nilikuja njiani nikifikiri kesho nitaaibika."

Mama alitabasamu akageukia sufuria. Mimi nikacheka, kicheko kidogo tu, na baba akadhani nafurahi naye.

Jumatatu alibeba gunia lake mbele ya watu wote wakampigia makofi. Lilimwagwa pamoja na ya wengine, kama ilivyo kawaida, baada ya mtunza ghala kuchota sampuli ya kila mwanachama na kuitia kwenye mkebe wenye namba yake. Mtunza ghala huyu ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Jeshi lilimleta kwenye kambi ya huku, akaoa, akastaafu, akabaki. Kila mtu anamwita Afande, na Kiswahili chake ni cha kambini hadi leo.

Wiki tatu baadaye mnunuzi aliirudisha kahawa yote. Ina moshi.

Mkutano uliitishwa Jumamosi kwenye uwanja wa meza za kukaushia. Mikutano yetu ni kwa Kiswahili, kwa kuwa tuna wanachama waliotoka upande wa pili wa mto, Kongo, na tuna Afande na mkewe. Niliketi nyuma na mama akaketi pembeni yangu. Baba alisimama. Hakuwa amelala vizuri, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mutu mwenye alileta moshi iko hapa, katikati yetu," alisema. "Tutamujua. Na tukimujua, anatoka kwa kikundi. Meza yake tunapatia mutu mwingine. Hata akuwe ndugu yangu. Munajua mimi, kwa ndugu yangu sikuogopa."

Wale wanawake watatu waliopita jikoni kwetu walikuwa mstari wa mbele, wote wanatazama chini. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyeolewa kutoka Kongo, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, tuache. Mutu anaweza kosa bila kujua. Mvua njo ilituletea hii maneno."

"Mvua haina moshi, mama," baba alimjibu.

Kisha Afande akasimama, wima, kama bado yuko gwaride. "Mzee, wacha hii maneno. Kahawa imeharibika, basi. Sisi narudi shamba, nakausha ingine. Ukitafuta sana, utapata."

"Si ndiyo ninataka? Kupata," baba alisema. "Afande, wewe iko unaficha mutu?"

"Hapana, mzee." Akaketi.

Nadhani Afande alijua tangu alipoufunua mkebe namba moja. Nadhani karibu nusu ya uwanja ilijua. Waliendelea kumsihi, mmoja baada ya mwingine, tuache, mwenyekiti, tuache, na kadiri walivyosihi ndivyo alivyozidi kuamini kuna mtu anakingwa. Aliapa mara ya pili, kwa maneno makali zaidi. Aliamua kahawa ya mikebe yote ya sampuli ipelekwe Kasese ikakaangwe na kusagwa, na mwonjaji aje aionje hapa hapa, mbele ya macho ya kila mtu, ili asije akaambiwa amependelea.

Jioni ile aliniita mezani. Barua ya kumwita mwonjaji iandikwe kwa Kiingereza, na mwenye Kiingereza ni mimi.

"Andika kwamba tutamtaja mbele ya wote," alisema. "Bila kujali ni nani."

Niliandika. Mama alikuwa mlangoni anapembua maharage, na ungo wake ulinyamaza. Baba hakuridhika na sentensi, akaniambia niitilie nguvu, nami nikaitilia nguvu. Nilitafuta neno zuri zaidi, nikalipata. Alinifanya niisome mara mbili kwa sauti, kisha akatia sahihi na kwenda kuoga.

"Usimwambie," mama alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Akipoa."

Nilikubali. Nilijiambia ni neno la mama, na mtoto hawezi kupita juu ya neno la mama yake. Nilijiambia pia naogopa, na kweli niliogopa, kwa sababu mikono iliyopandisha kahawa ile ni hii ninayoandikia. Lakini kulikuwa na jambo la tatu, nami nitalisema kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike haya yote. Nilitaka kuona. Miaka tisa nilikuwa nikichora ubaoni mtu mkubwa akijifunga kwa kiapo chake mwenyewe, na sasa alikuwa mbele yangu, anavaa kandambili, anaulizia sabuni. Sikumtakia baba mabaya. Nilikuwa na hamu tu, na hamu ile ilinipa usingizi mzuri.

Wiki iliyofuata nilifundisha kinaya kidato cha tano. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Nilisimama katikati ya darasa nikawaigizia mtu anayewaita watu wote pamoja ili amsake mkosaji, mtu mwadilifu, anayekataa kila anayemwambia apumzike. Sikumtaja baba, bila shaka. Msichana mmoja wa dawati la mbele alisema, "Nyani haoni kundule, mwalimu." Nikamwambia methali hiyo inamcheka nyani, na Wagiriki hawakumcheka mtu wao, walimhurumia na wakajihofia wenyewe. Mwingine akasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Hapo nikasema vizuri, lakini fikirini mchimba kisima aliyekuwa anawachimbia watu maji. Waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Nilitoka darasani nimejaa kiburi, nikanunua soda.

Mama hakumwambia. Kila nilipofika nyumbani nilimtazama, naye alitikisa kichwa. Baba hakupoa. Alikuwa ameanza kuwataja watu wawili watatu aliowashuku, na mmoja wao alikuwa baba mdogo.

Mwonjaji alifika Jumamosi, msichana wa Karusandara anayefanya kazi Kasese, mwenye sauti ndogo na kijiko cha fedha mfukoni. Aliweka vikombe vyake kwenye meza ndefu ya ghala, Afande avipange. Chini ya kila kikombe Afande alikuwa amebandika namba, na mwonjaji aligeuka ukutani wakati vinapangwa ili asijue kipi ni cha nani. Watu walijaa mpaka nje. Alipomwagia maji ya moto, harufu ya kahawa ilitanda, na mama mmoja akasema kumbe kahawa yetu inanukia hivi, maana wengi wetu tunaikuza maisha yote na kunywa chai.

Aliionja kwa kuivuta kwa kelele kubwa, sruuup, akatema kwenye ndoo. Watoto walicheka na kufukuzwa. Alipita kikombe kimoja kimoja. Karibu na katikati alisimama, akarudi nyuma, akavuta tena. Akakisukuma kikombe hicho mbele peke yake. Kisha akaendelea mpaka mwisho wa meza bila kusukuma kingine.

"Ni hicho tu?" baba aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Hivi vingine ni vizuri kabisa."

"Rudia. Nisimuonee mutu."

Akageuka ukutani tena, Afande akavichanganya. Mwonjaji akapita upya. Mara hii kikombe kilikuwa cha tatu kutoka mwisho. Akakisukuma mbele.

Baba hakusubiri mtu. Alikishika kikombe mwenyewe, akakiinua juu ya kichwa chake asome chini, na kahawa ikamwagikia mkono wa shati. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu moja.

"Namba moja," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Alimwomba mwonjaji kijiko. Alichota kahawa iliyobaki, akaivuta kama alivyoona inavutwa, akaikalisha mdomoni. Kisha akameza.

"Kweli ni moshi," alisema. Akamtazama mama. Mama alikuwa ameanza kusimama, mdomo wazi, na baba akainua kiganja. "Kaa, Mama." Kisha akawageukia watu. "Jiko ni yangu. Kahawa ni yangu. Afande, futa namba moja."

"Mzee, hapana."

"Futa."

"Mzee, mimi nimetii amri miaka mingi. Hii hapana."

Yule mama aliyeolewa kutoka Kongo alisimama akilia. "Mwenyekiti, sisi tulishakusamehe. Tangu zamani tulikusamehe. Baki."

Baba alimgeukia taratibu. "Tangu zamani?"

Mama yule akafunika mdomo kwa kitenge. Baba aliwatazama wote, mstari kwa mstari, wanawake, Afande, mdogo wake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mulikuwa munajua?" aliuliza. Hakuna aliyejibu, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, alielewa. Nilimwona akielewa. Kosa la moshi lilikuwa limemwacha amesimama wima. Hili lilimfanya atafute pa kushika, akashika ukingo wa meza, vikombe vikagongana. Darasani hatua hiyo naiita utambuzi, naiandika kwa chaki ya rangi.

Alichukua kalamu kutoka mfukoni mwa Afande, akalivuta daftari, akapiga mstari juu ya jina lake mwenyewe. Halafu akatoka. Baba mdogo alimpisha mlangoni, kisha akamfuata kwa nyuma, hatua chache, bila kumsemesha, mpaka kwenye geti letu.

Sasa meza zake za wavu anazitumia mwanachama mwingine. Kikundi kilimwomba arudi, wakaja nyumbani mara tatu, mara ya tatu na mbuzi, naye akawapokea vizuri, akawapa viti na kukataa. Kahawa yake anaianika kwenye turubai uani na kuiuza kwa walanguzi wale wale aliokuwa akiwakimbia. Mama hakukemewa, wala hakuulizwa. Yeye mwenyewe aling'oa uchaga wa jikoni, akautumia kama kuni, na mbegu siku hizi zinaliwa na wadudu. Hilo baba alimlaumu, kwa upole, akasema uchaga haukuwa na kosa.

Mimi aliniita kesho yake ya ule mwonjo, Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa kwenye migomba anakata majani makavu. Hakusimamisha kazi.

"Gunia lile ni zito," alisema. "Mama yako hakulipandisha peke yake."

"Hapana, baba. Nililipandisha mimi."

"Kwa hiyo siku ya mkutano ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na barua uliiandika ukijua."

"Ndiyo, baba."

Aliendelea kukata. Nilisubiri anitukane, nikatamani anitukane. Aliponyamaza sana, nikaanza kusema mimi, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema nilisema ninachokijua. Nilimweleza habari za Wagiriki. Sijui nilidhani itamfariji au itanitetea. Nilimweleza kwamba kulikuwa na michezo, karne nyingi zilizopita, ya mtu mkubwa na mwema anayeapa mbele ya watu, na kiapo kikamrudia, na watu wote waliokaa mlimani wanajua tangu mwanzo. Nilimwambia mtu huyo hakudharauliwa, kwamba watu walitoka pale wakiwa wanalia kwa ajili yake, kwamba mpaka leo anasomwa hata Bwera. Nilieleza vizuri. Nimezoea kueleza.

Baba aliniacha nimalize. Kisha akaegemea panga.

"Hao waliokaa wakitazama. Walijua wote?"

"Wote, baba."

"Wakamwacha aseme mpaka mwisho."

"Ndiyo. Ndivyo michezo ile ilivyokuwa."

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Walikuwa watoto wake?"

"Hapana, baba. Walikuwa watu tu."

"Basi hao hawana kosa," alisema, akarudi kukata majani.